Siku sita juu ya baisikeli katika nchi ya Andalusia

Hakuna mtoto aliyesoma chuoni katika mwambao wetu huu ambaye hajasikia habari za Andalusia. Somo la siku likisha, na jua likiwa bado liko juu, maalim huweza kuwasimulia wanafunzi jinsi Tariq bin Ziyad alivyouvuka mlango wa bahari mwaka 711, na jinsi jina lake lilivyobaki katika ule mlima uitwao Jabal Tariq, ambao ndio Gibraltar ya leo. Watoto husikiliza kwa macho makavu, kisha huvaa ndara zao wakaenda zao nyumbani. Andalusia hubaki kwao ni hadithi, kama miji ya Alfu Lela U Lela.

Lakini, ndugu msomaji, nchi hiyo ipo. Ni sehemu ya kusini ya Uhispania, ina mashamba na vumbi na barabara za kupanda na kushuka, na mtu mwenye miguu yenye nguvu na subira kidogo aweza kuipita kwa baisikeli. Hivyo ndivyo tulivyofanya sisi mwishoni mwa Aprili 2024, wiki mbili baada ya Idi. Tulitoka Sevilla, tukapita Córdoba na Granada, tukashuka hadi pwani ya Almuñécar. Safari yote ni takriban kilomita 400, nasi tuliigawa katika siku sita za mwendo, mbali na siku za kupumzika na kutazama miji.

Tulikuwa wanne. Wa kwanza ni Maalim wetu, mtu wa miaka 58, aliyesomesha tarehe ya Uislamu Mombasa kwa zaidi ya miaka thelathini. Wa pili ni Fundi, mwenye kibanda cha kutengeneza baisikeli Majengo, mtu wa maneno machache na mikono isiyotulia. Wa tatu ni mtoto wa nduguye Maalim, kijana anayekaa London, ambaye ndiye aliyepanga njia na aliyekuwa na Kihispania cha kuombea maji na chakula. Wa nne ni mimi mwandishi.

Fikra ya baisikeli ilikuwa ya Fundi. Kijana alitaka twende kwa gari-moshi, lakini Fundi akamwambia: "Ukienda kwa gari-moshi utaona mji, kisha utaona mji mwingine. Kilicho baina yake hutakiona." Maalim alikubali kwa sharti moja tu. "Nataka kusimama mbele ya mihrabu ya Kurtuba kabla sijafa," alisema. Kurtuba ndilo jina ambalo Waarabu waliuita mji wa Córdoba.

MNARA USIO NA NGAZI

Baisikeli tulizikodi Sevilla. Hizi si zile Black Mamba zetu za kubebea magunia ya mkaa. Ni nyepesi, zina gia nyingi, na nyuma zina keria ya kufungia mikoba. Fundi alizikagua moja moja, akaivuta kila breki, akagonga kila spoki kwa ukucha akisikiliza mlio wake, ndipo akasema twende.

Mji wenyewe ni rafiki wa mwenye baisikeli. Tangu mwaka 2006 hivi serikali ya mji imejenga njia maalum za baisikeli, zaidi ya kilomita 100, zilizotengwa na magari. Mtu hupita chini ya michungwa iliyopandwa kando ya barabara, na mtu wa pwani akiyaonja machungwa yake hucheka, kwa maana ni madanzi yale yale yetu, machungu ya kufinya uso. Maua yake Wahispania huyaita azahar, nalo ni neno la Kiarabu, az-zahr, yaani ua.

Katikati ya mji umesimama mnara uitwao Giralda. Ulijengwa na Waislamu wa dola ya Muwahidina, ukamalizika mwaka 1198, ukiwa mnara wa msikiti mkuu. Sevilla ilipotekwa mwaka 1248 msikiti ukageuzwa kanisa, na baadaye juu ya mnara ikaongezwa nyumba ya kengele. Ndani ya mnara huo hakuna ngazi ila pale juu kabisa. Kuna njia pana za mteremko, 35 kwa idadi, ili mwadhini aweze kupanda akiwa juu ya farasi. Maalim alipanda zote bila kusimama. Alipofika juu akatazama kengele kubwa zilizoning'inia juu yetu, hakusema neno, akashuka.

Asubuhi ya pili tulianza mwendo. Kutoka Sevilla hadi Écija ni kama kilomita 90, kupitia mji wa kale wa Carmona ulio juu ya kilima. Nchi ni wazi, ngano kulia na kushoto, na upepo hauna kizuizi. Wahispania wenyewe wanauita mji wa Écija kikaango cha Andalusia, kwa joto lake la Julai na Agosti. Sisi tulifika Aprili, na hata hivyo chupa zetu za maji zilikwisha kabla ya adhuhuri. Nasema haya ili msomaji mwenye nia ya kwenda asije akaenda wakati wa kiangazi chao. Aprili na Oktoba ndiyo miezi ya mtu mwenye akili.

Sala hazikutupa taabu. Sheria imempa msafiri ruhusa, nasi tuliitumia, tukikusanya adhuhuri na alasiri na kuzipunguza. Tulitandika mikeka myembamba chini ya mti wowote wenye kivuli. Jambo moja lilitushangaza. Sisi watu wa Mombasa tumezoea kibla cha kaskazini, maana Makka iko kaskazini yetu sawasawa. Kule kibla kiko mashariki. Siku ya kwanza kila mmoja wetu alisimama akahisi kana kwamba amegeuzwa, mpaka Maalim akatupanga mstari kama alivyozoea kuwapanga watoto wa chuoni.

Katika chakula yataka uangalifu. Nyama ya nguruwe kule hutiwa hata katika mboga, na juu ya supu baridi ya nyanya ya Córdoba, iitwayo salmorejo, hunyunyizwa vipande vyake vidogo vidogo. Kijana alitufundisha maneno mawili, "sin jamón", yaani bila hiyo nyama, nasi tukayasema kila meza tuliyokaa. Mkate, mayai, samaki wa kukaanga, zeituni na matunda vilitutosha.

MBELE YA MIHRABU

Kutoka Écija hadi Córdoba ni kilomita 55 hivi. Tuliingia mji alasiri ya siku ya pili kwa daraja la kale lililo juu ya mto Guadalquivir. Jina la mto huo si jingine ila al-Wadi al-Kabir, bonde kubwa. Mbele yetu, ng'ambo ya daraja, ulionekana ukuta wa msikiti.

Msikiti huo ulianzwa na Abdurrahman wa kwanza mwaka 785 au karibu yake. Huyu ndiye mwana wa ukoo wa Umayya aliyeponea chupuchupu Sham jamaa zake walipouawa, akakimbia nchi baada ya nchi mpaka akafika Andalusia, akaanzisha dola yake. Waliomfuata waliuongeza msikiti mara tatu, wa mwisho akiwa al-Mansur mwaka 987. Nguzo zake ni zaidi ya 850. Juu ya kila nguzo kuna tao, na juu ya tao kuna tao jingine, limepangwa jiwe jeupe na tofali jekundu, jiwe na tofali. Ukisimama ndani huoni mwisho wake. Ni kama kusimama katika shamba la minazi wakati wa magharibi.

Mji ulitekwa mwaka 1236, na msikiti ukawa kanisa tangu mwaka huo. Kutoka mwaka 1523 katikati yake palivunjwa, pakajengwa kanisa refu lililotokeza nje juu ya paa. Mpaka leo ni kanisa kuu la mji, lina sala zake, na Waislamu hawaruhusiwi kusali ndani. Jambo hili Maalim alilijua kabla ya kutoka Mombasa. Lakini kulijua jambo ni kitu kimoja, na kulifikia kwa miguu yako ni kitu kingine.

Mihrabu ipo ukutani, salama. Aliijenga al-Hakam wa pili, na mafundi wa kuipamba kwa vijiwe vya dhahabu na rangi waliletwa kutoka Rumi ya Mashariki. Mbele yake kuna kizuizi cha chuma. Maalim alikwenda akasimama pale, mikono imelala ubavuni, viatu miguuni kama watalii wengine. Mlinzi alimtazama, kisha akasogea karibu kidogo. Maalim hakurukuu wala hakuinua mikono. Alisimama kama robo saa. Midomo yake ilikuwa ikitikisika.

Tulipotoka tulikwenda katika bustani ya Colón, ambako kuna msikiti mdogo sana, mweupe, wenye kuba, uliojengwa katika miaka ya 1930 kwa ajili ya askari wa Kimoroko. Humo ndimo tuliposali. Maalim alirefusha sijida yake mpaka kijana akaingia wasiwasi.

Usiku ule, tukiwa tumekaa barazani mwa nyumba tuliyopanga, Maalim akasema: "Mimi nimefika nilikokuwa nakwenda. Kesho nitapanda gari-moshi nirudi Málaga nikangoje ndege. Nyinyi endeleeni."

"Na Granada, Ami?" akauliza kijana.

"Granada nitakwenda kufanya nini? Kulia mara ya pili?"

Hapo ndipo Fundi, ambaye siku nzima hakuwa amesema kitu, akatia neno. "Maalim, mimi sikusoma kama wewe. Lakini nimezitazama zile nguzo. Hazilingani. Moja nene, moja nyembamba, na vichwa vyake kila kimoja kwa namna yake. Zimetoka majumba mbalimbali."

Na kweli, wataalamu wanasema hivyo hivyo. Nguzo nyingi za sehemu ya kwanza zilitolewa katika majengo ya Warumi na ya Wavisigothi waliotawala kabla ya Waislamu.

"Wataka kusema nini?" aliuliza Maalim.

"Nasema kwamba fundi hutumia alichokikuta. Waliokuja kabla yao walikuwa na nyumba zao, nao wakazikuta nguzo. Basi na waliokuja baada yao..."

"Usifananishe!" Maalim aliinuka. Kwa miaka niliyomjua sijapata kumsikia akipaza sauti vile. "Nguzo iliyoanguka shambani si sawa na msikiti unaosaliwa. Usifananishe, Fundi." Akaingia ndani akafunga mlango.

Tulidhani safari yake imekwisha. Asubuhi tulimkuta nje, mkoba wake umefungwa juu ya keria, matairi amekwisha yatia upepo. Hakumsalimu Fundi ila kwa salamu ya sunna. Tukatoka.

MANENO YALIYOBAKI MEZANI

Siku ya tatu ya mwendo ilikuwa kilomita 60 na kidogo mpaka Baena, na karibu zote tulizipita kimya. Nchi hapa inabadilika. Ngano inakwisha, mizaituni inaanza, na ikianza haikomi. Vilima vyote vimepandwa kwa mistari, mpaka upeo wa macho. Mkoa wa Jaén peke yake, ulio jirani, una mizaituni zaidi ya milioni 60, na Uhispania ndiyo nchi inayotoa mafuta ya halzeti mengi kuliko zote duniani.

Baena ni mji wa mafuta hayo. Usiku, katika nyumba ya wageni, mwenye nyumba alituletea mkate na bakuli la halzeti ya kijani, na chumvi kidogo. Kijana akaleta mchezo, nafikiri kwa kusudi la kuwapatanisha wazee wake. Alikuwa akitaja neno la Kihispania, nasi tukisie.

"Azúcar," alisema. Sukari, tukajibu sote. "Limón." Limau. "Azafrán." Zafarani. "Aceite." Hapo Fundi alinyooshea bakuli kidole: zeti. Kisha kijana akasema: "Fulano. Ni mtu ambaye jina lake hulijui."

"Fulani!" alisema Maalim, na kwa mara ya kwanza tangu Córdoba tukaona meno yake.

Kumbe maneno ya namna hii ni maelfu katika Kihispania. Wao wanaposema "hasta", yaani mpaka, wanasema hatta ya Kiarabu, ambayo ndiyo hata yetu sisi. Mkuu wa mji wao, yule ambaye sisi twamwita meya, wao humwita alcalde, na hilo ni neno al-kadhi. Wakitamani jambo liwe husema "ojalá", ambalo asili yake ni kumtaja Mwenyezi Mungu na mapenzi yake, na husemwa na Mkristo na asiye na dini sawasawa, bila kujua. Watu waliopokea maneno hayo hawakuwahi kufika Mombasa, wala wazee wetu hawakufika Baena. Lakini Kiarabu kilipita huku na kule, na pande zote mbili kikaacha maneno sokoni, jikoni na barazani.

Maalim alikuwa akiandika kila neno katika daftari lake. Mwisho akamwita Fundi, akamwonyesha ukurasa. "Nguzo zako hizi," alisema. Fundi akacheka. Hayo ndiyo yaliyokuwa mapatano yao, wala hapakuwa na mengine.

Siku ya nne tulifuata njia ya reli ya zamani. Reli hiyo ilijengwa mwishoni mwa karne ya kumi na tisa kwa ajili ya kusafirisha halzeti, ikafungwa katika miaka ya 1980, kisha vyuma vikang'olewa, ikawa njia ya waendao kwa miguu na kwa baisikeli. Kutoka Puente Genil hadi Jaén ni kilomita 128. Sisi tulishika kipande chake cha katikati, toka Luque hadi Alcaudete. Hakuna gari. Kwa kuwa gari-moshi halipandi mlima mkali, njia nayo haina mwinuko wa kumtesa mtu. Stesheni za kale zimefanywa mikahawa, na mito hupitwa kwa madaraja marefu ya chuma. Moja liko juu ya mto Guadajoz, na Maalim alisimama katikati yake akatuuliza, kama auliizavyo wanafunzi, Guada ni nini. Tukamjibu kwa pamoja: Wadi.

Baada ya Alcaudete starehe ilikwisha. Njia ya Alcalá la Real hupanda mpaka zaidi ya mita 900 juu ya usawa wa bahari. Goti la Maalim lilianza kuvimba. Fundi alishuka, akafunga kamba toka keria yake mpaka mbele ya baisikeli ya Maalim, akataka kumvuta. Maalim akakataa. Akashuka yeye pia, akaisukuma baisikeli kwa miguu, na sisi sote tukashuka tukamfuata. Ilituchukua saa tatu. Jua lilipokuwa likielekea kuzama tuliiona ngome ya La Mota juu ya mji. Alcalá ni al-kal'a, yaani ngome, na ngome hiyo ilikuwa mlango wa ufalme wa Granada mpaka ilipotekwa mwaka 1341.

MZEE NA ZAMU YA MAJI

Kutoka huko mpaka Granada ni mteremko mwingi, kisha bonde pana la kijani liitwalo la Vega. Hapo kuna mifereji kila mahali, na mfereji huitwa acequia, toka as-sakiya. Karibu na Pinos Puente tulimkuta mzee mmoja, jembe begani, akiinua kibao cha mbao kilichoziba mfereji, maji yakaingia katika shamba lake la maharage. Tulisimama tujaze chupa. Kijana akazungumza naye.

Mzee alieleza kwamba kila shamba lina saa yake ya maji. Ikifika saa ya jirani, huziba kwake, hufungua kwa mwenzake. Babake alifanya hivyo, na babu yake.

"Muulize," alisema Maalim, "nani aliyepanga utaratibu huu?"

Mzee akajibu bila kufikiri: "Los moros." Wamoro, ndilo jina ambalo Wahispania wamewaita Waislamu tangu zamani. Hakulisema kwa ubaya wala kwa sifa. Alilisema kama mtu anayemtaja aliyekichimba kisima cha mtaa.

Alitupa maharage mabichi ya kujaza mfuko. Maalim akafungua mkoba wake, akatoa kipande cha halwa ya Mombasa alichokuwa amekitunza njia nzima, akampa. Mzee alionja, akatikisa kichwa, akasema tamu sana, kisha akatazama saa yake, akakimbilia kibao. Zamu ilikuwa imekwisha.

Tuliingia Granada alasiri. Siku iliyofuata tulikwenda Alhambra, yaani al-Hamra, jumba jekundu, lililoanzwa na Muhammad bin al-Ahmar mwaka 1238. Tikiti hukatwa mapema kabla ya kusafiri, jina likiwa kama lilivyo katika pasipoti. Kuta zake zimeandikwa maneno ya watawala wa ukoo wa Nasr, mara maelfu, kwamba hakuna mshindi ila Mwenyezi Mungu. Maji ya mabirika yake huletwa kwa mfereji wa kilomita 6 hivi kutoka mto Darro, na mfereji huo ni wa tangu enzi hizo. Ibn Battuta, ambaye alifika Mombasa yetu mwaka 1331, alifika na Granada pia, karibu mwaka 1350. Na mwandishi aliyemwandikia kitabu cha safari zake, Ibn Juzayy, alikuwa mtu wa Granada. Msomaji na alifikirie hilo. Habari za watu wa Mombasa wa zama hizo zimetufikia kwa kalamu ya Mgranada.

Mji ulikabidhiwa kwa wafalme wa Kikristo tarehe 2 Januari 1492. Walioahidiwa uhuru wa dini walilazimishwa kubatizwa miaka michache baadaye, na kati ya 1609 na 1614 wazao wao, watu wapatao 300,000, wakafukuzwa katika nchi nzima. Hapo ndipo Maalim alipotazamia kulia mara ya pili.

Lakini jioni tulipanda mtaa wa Albaicín, ng'ambo ya Alhambra. Ni mtaa wa vichochoro vyembamba, kuta nyeupe za chokaa, nyumba zilizojificha nyuma ya malango, zenye ua ndani. Mtu wa Lamu angejiona yuko kwao, akatafuta daka na wikio. Juu ya mtaa huo kuna msikiti uliofunguliwa mwaka 2003, wa kwanza kujengwa Granada tangu 1492. Karibu na saa tatu ya usiku, ndipo jua linapotua kule wakati huo wa mwaka, mwadhini alipanda mnarani akaadhini kwa sauti yake tupu, bila kipaza sauti. Watalii waliokuwa wakipiga picha uwanjani wakanyamaza. Tuliingia tukasali safu moja na Wahispania waliosilimu, na Wamoroko, na mwanafunzi mmoja wa Senegali. Maalim alilia, naam. Lakini alipotoka alisema: "Kesho tunatoka saa ngapi?"

KUSHUKA BAHARINI

Siku ya sita ilikuwa ndefu kuliko zote, kilomita 80 hivi. Kusini ya Granada kuna mahali pa kuvukia mlima paitwapo Suspiro del Moro, kushusha pumzi kwa Mmoro. Hadithi yasema kwamba hapo ndipo Abu Abdillahi, mfalme wa mwisho, alipogeuka kuutazama mji wake akalia, na mamake akamkemea. Wenye tarehe wanaiona kuwa ni hadithi tu. Maalim hakugeuka nyuma. Aliendelea kukanyaga pedeli.

Mashariki yetu ilionekana milima ya Alpujarras. Huko ndiko wazao wa Waislamu walikoasi mwaka 1568, na mfalme Philip wa pili akauzima uasi wao mwaka 1571. Watu wa Mombasa wanaijua kazi nyingine ya mfalme huyo. Yeye ndiye aliyekuwa akitawala Uhispania na Ureno kwa pamoja ilipojengwa Ngome ya Yesu, baina ya 1593 na 1596. Na Vasco da Gama alifika bandarini kwetu mwaka 1498, miaka sita tu baada ya Granada kuanguka. Nilipomwambia Fundi haya alinyamaza kitambo, kisha akasema kumbe barabara hii ni ndefu kuliko ilivyo katika ramani.

Njia hupanda zaidi ya mita elfu moja, kisha yaanguka, mzunguko juu ya mzunguko, mpaka breki zikanuka. Hewa ikabadilika. Tukaanza kuona mashamba ya maembe, maparachichi na matomoko, matunda yanayosifika katika pwani hiyo yenye joto. Na mwisho ikatokea bahari. Almuñécar ndipo alipotia nanga Abdurrahman wa kwanza mwaka 755, mkimbizi asiye na kitu, na sanamu yake imesimamishwa na watu wa mji huo huo, wasio Waislamu, kando ya ufuo. Maalim aliegemeza baisikeli yake, akavua viatu, akatia miguu majini.

Nimeulizwa na wengi tangu tuliporudi kama safari hiyo ni ya furaha au ya huzuni. Kila mmoja wetu wanne ana jibu lake. La Maalim nimelisikia mara moja tu, alipokuwa akisomesha. Aliwaambia watoto kwamba Andalusia ilianguka katika majumba, haikuanguka katika mfereji wa maji. "Jumba alitunza mwenye jumba," alisema. "Mfereji autunza anayetaka kunywa."

Nami naongeza langu dogo. Gedi yetu ilihamwa zamani, nayo yatazamwa leo kwa tikiti. Lamu bado yakaliwa. Mabirika ya misikiti yetu ya kale, majabia, milango ya nakshi, maneno ambayo bibi zetu wayasema na sisi twaona haya kuyasema, vyote hivyo bado vimo mikononi mwetu. Visiachwe kungoja kuwekewa kizuizi cha chuma. Na mwenye nia ya kwenda kule kwa baisikeli na aende Aprili, achukue pampu na viraka, afunge mkeka mwembamba juu ya keria, na asisahau kipande cha halwa kwa atakayempa maji njiani.